Nafunga bwawa la nyumbani kwa mara ya kwanza kabla ya baridi ya kugandisha, naombeni darasa

#1 Mgeni_wa_Barafu

Wakuu, heshima kwenu.

Nimehamia nyumba yenye bwawa la kuogelea mwishoni mwa majira ya joto. Nimeogelea kama mara kumi, nikajiona na mimi nimefika. Juzi jirani kaniuliza kwa upole tu, "Bwawa umeshalifunga?" Nikamjibu ndiyo, geti lina kufuli. Alicheka mpaka akashika ukuta. Hapo ndipo nikajua kumbe kufunga bwawa ni shughuli nyingine kabisa.

Barafu mimi nimeijua ya friji. Hapa nilipo usiku wa baridi kali unafika nyuzi 10 chini ya sifuri, na wenyeji wanasema hiyo ni kawaida tu.

Taarifa za mgonjwa: bwawa limechimbiwa ardhini, la zege na plasta. Urefu meta 8, upana meta 4, kina kinaanzia meta 1 kinaishia meta 2. Lina skima moja ukutani (lile tundu la kunyonya uchafu unaoelea), matundu matatu ya kurudishia maji, dreni ya chini, pampu, chujio la mchanga na hita ya gesi. Leo asubuhi maji yana nyuzi 19.

Wazo langu ni kuyatoa maji yote yasije yakaganda na kupasua kuta, kisha nifunike turubai. Niko sahihi? Nawasilisha.

#2 Kipepeo_Mkavu

Toa maji, piga ufagio, funika, lala. Watu mnapenda kujitafutia kazi.

#3 Bomba_Inchi2

Mgeni, huyo wa juu msikilize kwenye mada za mpira, siyo hapa. USITOE MAJI YOTE.

Bwawa tupu ni mtumbwi uliofukiwa. Chini yake na pembeni kuna maji ya ardhini, na mvua zikikolea yanapanda. Bwawa likiwa limejaa, uzito wa maji yako unalikandamiza lisiende popote. Meta moja ya ujazo ni kilo 1,000, na wewe unazo kama 48, kwa hiyo umekalia tani 48. Ukizitoa, maji ya chini yanasukuma juu na kinachobaki kuyapinga ni zege peke yake. Bwawa la faibaglasi linaweza kunyanyuka zima zima. La zege linapasuka sakafu. Lenye ngozi ya vinili, ngozi inajikunja na kusinyaa, na kuirudisha ilivyokuwa ni kazi bure.

Halafu hofu yako umeielekeza siko. Kuta za bwawa siyo mgonjwa. Ni kweli maji yakiganda yanatanuka, kama asilimia 9 hivi. Lakini bwawa liko wazi juu, na barafu inaanzia huko huko juu. Maji huwa mazito kuliko wakati wowote yakiwa na nyuzi 4, kwa hiyo hayo yanazama, na yale ya baridi zaidi yanabaki juu na kuganda kama mfuniko. Chini yanabaki maji.

Mgonjwa ni maji usiyoyaona. Yaliyo ndani ya mabomba, ndani ya pampu, tumboni mwa chujio, kwenye mirija ya hita, kwenye kisima cha skima. Huko hakuna pa kutanukia, kwa hiyo ile asilimia 9 inajitengenezea mlango. Kazi nzima ya kufunga bwawa ni kuyafukuza hayo. Mengine yote ni usafi.

Na usifunge wiki hii. Kwa nyuzi 19 mwani bado unaota vizuri tu. Ukifunika sasa, utafunua supu ya kijani. Subiri maji yenyewe, siyo hewa, yashuke chini ya nyuzi 15 na yakae huko siku kadhaa. Pima asubuhi, kipimajoto kikiwa kimezama kina cha mkono mzima. Ukitokea usiku mmoja wa kugandisha kabla hujafunga, iache pampu izunguke usiku kucha, maana maji yanayotembea hayagandi kirahisi.

#4 Mgeni_wa_Barafu

Daah. Mtumbwi uliofukiwa! Nilikuwa nimeshaulizia mpira wa kunyonyea maji. Asante sana mkuu, umeniokoa na aibu mbele ya jirani.

Sasa hizo siku za kusubiri nafanya nini?

#5 MamaPacha_

Kaka, siku hizo ni za dawa na usafi. Mabomba muachie Bomba_Inchi2, mimi nitakwambia ya maji.

Ondoa majani yote, sugua kuta, vuta uchafu wa chini. Jani likikaa miezi sakafuni linaacha doa la kahawia kwenye plasta, na doa hilo utalisugua hadi uchoke. Hapa ndipo watu wengi wanapofanya uvivu, wanasema "nitasafisha nikifungua". Ukifungua utakuta uji.

Kisha pima maji kwa vitone vya dawa ya kupimia, siyo vile vikaratasi vya kuchovya. Vikaratasi ni vya kukupa moyo tu. Unatafuta pH kati ya 7.2 na 7.6, alkali jumla miligramu 80 hadi 120 kwa lita, na ugumu wa kalisiamu miligramu 200 hadi 400 kwa lita. Kwa bwawa la plasta usiidharau hiyo kalisiamu. Maji jinsi yanavyopoa ndivyo yanavyozidi kuwa na njaa. Yakikosa chokaa ndani yake yataitafuta kwenye plasta yako, na ukifungua utahisi sakafu inakwaruza nyayo kama msasa.

Siku nne au tano kabla ya kufunika, piga dozi nzito ya klorini, ifike miligramu 10 kwa lita. Fanya jua likizama, pampu ikizunguka usiku mzima. Halafu iache ishuke yenyewe hadi kati ya 1 na 3. Usifunike ikiwa juu, inakula kifuniko. Na dawa ya mwani ya msimu wa baridi itie baada ya klorini kushuka, maana ukizichanganya siku moja klorini inaivunja na umeitupa. Chukua isiyo na shaba. Ya shaba ikikosewa inaacha rangi ukutani.

#6 Mgeni_wa_Barafu

Dada MamaPacha_, nimepiga hesabu, nisahihishe. 8 mara 4 mara 2 ni 64. Klorini sasa iko 2, nataka 10, kwa hiyo napandisha 8. 8 mara 64 ni gramu 512 za klorini halisi. Unga wangu kopo limeandikwa asilimia 65, kwa hiyo 512 gawa kwa 0.65, napata kama gramu 790. Sawa?

#7 MamaPacha_

Njia ni sawa, kina umekosea. Bwawa lako halina meta 2 kila mahali. Linaanzia 1 linaishia 2, wastani 1.5. 8 mara 4 mara 1.5 ni 48, na ndiyo zile tani 48 alizosema Bomba. 8 mara 48 ni 384, gawa kwa 0.65, ni gramu 590.

Koroga kwenye ndoo ya plastiki iliyo na maji tayari. Dawa ndiyo inaingia kwenye maji, maji hayamwagwi juu ya dawa. Na sikia hili vizuri: unga huo usikutane kabisa na vile vidonge vikubwa vya klorini, hata kwa kijiko kimoja kutumika kote kuwili. Ni klorini za aina mbili, zikigusana zinaweza kuwaka moto au kulipuka. Asidi nayo iweke mbali na zote mbili.

#8 Kipepeo_Mkavu

Sasa hapa ni bwawa au maabara?

#9 MamaPacha_

Ni bwawa la mtu anayetaka kubaki na nyusi zake.

#10 Kisima_Kavu

Naomba kudandia uzi. Langu ni lile la kusimama juu ya ardhi, la mduara, kuta za bati. Haya yote yananihusu?

#11 Bomba_Inchi2

Mengi yanakuhusu, ila lako lina moja la ziada. Barafu ikitanuka inasukuma ukuta wa bati, na ukuta huo haujaegemea udongo kama wa wenzako. Weka mto wa hewa katikati, uelee chini ya kifuniko, umefungwa kamba pande mbili. Barafu inaubinya mto badala ya kubinya ukuta. Ujaze nusu na kidogo tu, usiujaze ukakaza, ukikaza utapasuka. Wewe pampu na chujio lako ni vyepesi, ving'oe uviweke ndani ya nyumba.

Turudi kwa Mgeni.

#12 Mgeni_wa_Barafu

Wakuu, wiki na ushee imepita. Asubuhi tatu mfululizo maji yamesoma 14, 13, 13. Klorini imeshuka iko 2. pH 7.4. Kuta zimesuguliwa mpaka nimejua bega langu lina misuli gani. Jumamosi nataka kufunga. Jirani ameniazima kompresa yake ya kupulizia matairi.

#13 Bomba_Inchi2

Simama hapo kwenye kompresa.

Mabomba ya bwawa yanahitaji hewa nyingi, hayahitaji hewa kali. Vakyumu kubwa ya karakana, ile inayoweza kupuliza kwa nyuma, inafanya kazi vizuri kuliko kompresa ya matairi. Mwaka wangu wa pili niliita fundi mmoja akaja na kompresa kubwa, akafungulia yote. Kizibo cha ukutani kilitoka kikapita karibu na sikio langu kikagonga uzio. Hilo nililisamehe. Lakini kiungo kimoja chini ya vigae kiliachia, na nikaja kukigundua majira ya joto baada ya kushangaa maji yanakwenda wapi. Tulifukua meta mbili za sakafu ya nje. Ukilazimika kutumia kompresa weka kidhibiti, shinikizo lisizidi baa 1, na usisimame mbele ya tundu.

Na hewa ISIINGIE kwenye chujio. Tangi la chujio limetengenezwa kubeba maji. Ukilibana na hewa unatengeneza bomu, mfuniko wake unaweza kuruka na kuua mtu. Kabla ya kupuliza, geuza mshikio wa vali ya juu ya chujio uende kwenye mzunguko unaoruka mchanga.

Mpangilio wangu ni huu.

Osha mchanga kwa kurudisha maji kinyume, mpaka kile kioo kidogo kioneshe maji meupe. Halafu geuza vali kwenye kumwaga, ushushe maji ya bwawa kupitia dreni ya chini, kwa sababu skima itaanza kunyonya hewa. Shusha mpaka chini ya mdomo wa skima kwa kama upana wa kiganja. Kwako naona ni kushuka sentimita 20 tangu maji yalipo sasa, yaani 8 mara 4 mara 0.2, lita 6,400. Angalia unakoyamwaga, siyo kwenye bustani wala kwenye kijito.

Zima umeme wa pampu kwenye swichi kuu. Siyo kwenye taima. Kwenye swichi kuu. Funga gesi ya hita.

Toa kikapu cha skima, toa ngazi, fungua zile pua za plastiki kwenye matundu matatu. Unganisha mpira wa hewa chini ya skima na upulize. Hewa itapita bomba, pampu, vali, hita, itokee kwenye matundu bwawani. Tundu likitoa mapovu ya nguvu, acha lipumue dakika nzima hadi utoke ukungu tu, kisha lizibe kwa kizibo cha raba chenye skrubu, hewa ikiwa bado inatoka. Ukizima kwanza, maji ya bwawa yanarudi ndani na umefanya kazi bure. Ukimaliza matatu, ziba na skima.

Dreni ya chini huwezi kuizamia na kuiziba. Puliza kutoka upande wa pampu mpaka uone mapovu makubwa yanapanda kutoka kina kirefu, kisha funga vali ya bomba hilo hewa ikiwa inapuliza bado. Hewa iliyonaswa inazuia maji kurudi juu. Kipande cha chini kinabaki na maji, ila kiko kirefu ardhini, baridi haikifikii.

Mwisho, vizibo vya kumwagia maji. Pampu ina VIWILI. Kimoja upande wa kikapu, kingine upande wa impela (kile kipanga kinachosukuma maji), kimejificha chini kama kinakwepa deni. Mimi mwaka wa kwanza nilitoa kimoja nikaenda zangu. Majira ya joto nawasha, maji yananirukia kandambili. Ufa ulikuwa mwembamba kama unywele, umeanzia pale pale kwenye kile kizibo cha pili umepanda hadi shingoni. Pampu nzima ikafa kwa kikombe kimoja cha maji.

Chujio lina kizibo chini kabisa, kitoe, mchanga haumwagiki. Vali yake iache kwenye alama ya msimu wa baridi au mshikio ukae katikati ya alama mbili, raba ya ndani isikandamizwe miezi yote. Geji ya shinikizo ifungue, ingia nayo ndani. Hita nayo ina kizibo chake, mirija yake ni ya shaba na shaba haisamehe.

Vizibo vyote weka ndani ya kikapu cha pampu. Siyo mfukoni, siyo kwenye droo. Kikapu cha pampu. Huwezi kuwasha pampu bila kukiona.

#14 Dada_Kigoda

Hapo kwenye swichi kuu nakazia. Sisi tulizima taima tu. Umeme ukakatika ukarudi, taima ikajiseti upya, pampu ikazunguka kavu usiku mzima. Asubuhi harufu ya plastiki iliyoungua mpaka jikoni.

#15 Kipepeo_Mkavu

Swali la kweli safari hii, msinicheke. Kwani haiwezekani kumwaga tu kwenye mabomba ile dawa ya kuzuia kuganda ya gari, yakaisha?

#16 Bomba_Inchi2

Swali zuri, wengi wanaliwaza kimya kimya. Ya gari hapana kabisa. Kwa kawaida ni ethilini glaikoli, sumu, tena ina ladha tamu, mbwa anairamba na mtoto pia. Ipo iliyotengenezwa kwa mabwawa, ya propilini glaikoli, hiyo haina balaa hilo. Mimi naitumia kwa bomba ambalo sijaridhika nalo tu. Bomba lililopulizwa vizuri na kuzibwa halina cha kuganda, unatia dawa ya nini?

#17 Mgeni_wa_Barafu

JUMAMOSI. Saa tano asubuhi. Niko hapa hapa pembeni ya bwawa naandika na vidole vimekufa ganzi.

Tundu la kwanza na la pili yametoa mapovu safi kabisa, kama sufuria inachemka. La tatu, lile la karibu na ngazi, kimya. Nimepuliza dakika kumi. Halitoi hata povu moja la heshima. Bomba limeziba? Limepasuka? Jirani anasema labda kuna chura.

#18 Bomba_Inchi2

La kwanza na la pili umeyaziba?

#19 Mgeni_wa_Barafu

Hapana, nilitaka nione yote matatu yanapumua kwanza ndiyo nizibe.

#20 Bomba_Inchi2

Ndiyo maana. Hewa ni mvivu kama sisi. Imepata milango miwili ya karibu, ijisumbue ya nini kusukuma maji ya bomba refu? Ziba la kwanza. Ziba la pili. Kaa pembeni ya la tatu, siyo mbele.

#21 Mgeni_wa_Barafu

Wakuu. LIMEKOHOA. Kwanza limetema maji meusi meusi na vijani viwili, kisha likanguruma, kisha mapovu. Jirani amepiga makofi. Chura hakuwemo.

Dreni pia tayari, mapovu yalipanda makubwa kama sahani, nikakimbia kufunga vali nikateleza lakini niliiwahi. Naenda kwenye vizibo.

#22 Dada_Kigoda

Usisahau kisima cha skima chenyewe. Kizibo chake kiko chini, juu yake maji ya mvua yatajaa na kuganda, na skima ikipasuka imejengewa ndani ya zege, utavunja ukuta kuitoa. Chukua chupa tupu ya plastiki, tia kokoto kidogo isimame, funga kifuniko vizuri, isimamishe mle ndani. Barafu ikitanuka inaibana chupa.

#23 Mgeni_wa_Barafu

Chupa imeingia. Pampu: cha kwanza kimetoka. Cha pili ilinibidi nilale chali kwenye zege lenye umande, mkono mmoja tochi, mwingine napapasa. Mkuu Bomba, kile kizibo kweli kinakwepa deni. Kikombe kizima cha maji kilitoka, nimekiona kwa macho yangu.

Hita kimetoka, chujio kimetoka. Bado kifuniko. Ninacho kile kizito kisichopitisha maji, na mifuko mirefu ya maji ya kukandamizia pembeni. Mwenye nyumba wa zamani aliacha pia matofali, nadhani alikuwa anayatumia.

#24 MamaPacha_

Matofali rudisha yalikotoka. Upepo ukivuta kifuniko, tofali linazama na kutoboa au kuchubua plasta. Mifuko ya maji ijaze robo tatu tu, na yenyewe inaganda, ukiijaza pomoni inapasuka.

Halafu nina neno na wewe kama mzazi, nimekuona huko juu unaongelea barafu na mabomba hujataja watoto. Kifuniko kisichopitisha maji kinakusanya mvua juu yake. Dimbwi hilo kwa mtoto mdogo ni bwawa jingine, sentimita chache tu zinatosha kumzamisha. Na akikanyaga ukingo, kifuniko cha mifuko kinajikunja naye ndani na kinamfunika. Siyo sakafu hiyo. Weka pampu ndogo ya juu ya kifuniko, itoe maji kila baada ya mvua. Na lile geti ulilomtajia jirani, liendelee kufungwa. Watu wakishafunika wanaanza kuliacha wazi eti bwawa limelala.

Kile cha matundu madogo kinachofungwa kwa mikanda na misumari ya sakafuni ni salama zaidi upande huo, mvua inapita. Lakini nacho kinapitisha vumbi na mwanga, na maji ya bwawa yanapanda pole pole, inabidi uchungulie yasifike kwenye skima. Mimi nacho ndicho nilichonacho. Nafungua maji yakiwa machafu kidogo, nalala usingizi.

#25 Bomba_Inchi2

Mimi ni wa kifuniko kizima, maji safi kama nilivyoyaacha. Ila nakiri sina watoto wadogo nyumbani. Kwenye hili MamaPacha_ ana hoja.

#26 Mgeni_wa_Barafu

Ninao wawili. Geti nimelifunga sasa hivi nikiwa nasoma, na pampu ya kifuniko nimeshaiulizia. Mwakani nabadilisha kiwe cha mikanda.

Saa kumi na mbili jioni, limefunikwa. Nimezima swichi kuu nikabandika na karatasi juu yake: USIGUSE. Mgongo wangu siuelezei. Asanteni sana.

#27 Mgeni_wa_Barafu

Wakuu, naufufua uzi. Miezi mitano imepita.

Tulipata usiku wa nyuzi 12 chini ya sifuri. Maji yaliganda juu, nilisikia barafu ikilalamika usiku kama mlango wa zamani. Nilitoka na blanketi mara mbili kwenda kuangalia, sijui ningefanya nini kama ningekuta tatizo. Maji ya juu ya kifuniko nimeyatoa mara nyingi sijui ngapi.

Leo maji yana nyuzi 12 yanapanda, nikakumbuka mlisema mwani unaamka kuanzia 15, nikasema bora nimuwahi. Nimefunua. Dreni ya chini kule kwenye meta 2 naiona! Kuna vumbi kidogo na jani moja. Moja.

Chupa ya kwenye skima imebanwa imekuwa bapa kama kandambili. Nimeitazama muda mrefu. Hiyo ingekuwa skima yangu.

Tatizo ni moja. Nimefungua kikapu cha pampu nirudishe vizibo, viko vitatu. Nakumbuka kabisa nilitoa vinne.

#28 Bomba_Inchi2

Hongera mkuu! Usiwashe kitu kwanza. Pampu viwili, hita kimoja, hivyo ndivyo vitatu. Kilichokosekana ni cha chujio. Ulikitoa mwisho, giza lilikuwa linaingia. Angalia mazingira ya pale pale chini.

#29 Kipepeo_Mkavu

Chura kakichukua.

#30 Mgeni_wa_Barafu

Nimekipata. Kiko kwenye kifuko cha plastiki, kimefungwa kwa utepe kwenye mguu wa chujio, na kuna karatasi yenye mwandiko wangu: "HIKI NI CHA CHUJIO, USIANZE KUWASUMBUA WATU."